Albamu ya Kabatini na Mwito wa Nyanya

Nuru mwanangu,

Salamu nimekupa asubuhi kwa mdomo na nyingine nitakupa kesho uwanja wa ndege, kwa hiyo hizi za karatasi nazikata fupi: tu wazima, na mkaza mjomba wako Salma amenifukuza sebuleni. Anafunga mabegi yako na ati mimi namzongazonga. Ndiyo maana naandika jikoni, kiwiko juu ya ile mashine ya kufulia ambayo siku hizi ina jina kubwa duniani kuliko langu.

Wewe umekwenda Muhaisnah, kwenye mabweni ya wafanyakazi, kumuaga yule dada mlinzi, Nduku, na wenzake. Nimeiona nafasi nikaidaka, maana ukiwapo huniachi nikamaliza. Nikianza kisa tu unasema, "Mjomba, hicho tushakisikia, na mara ya mwisho gunia lilikuwa moja." Karatasi haina macho ya kuzungusha. Leo nitasema mpaka kalamu iombe maji.

Mambo ya pasipoti, na sweta la ndani ya ndege, na usimpe mtu begi lako akushikie, hayo siyagusi. Salma ameyasema mpaka na mimi nimeyahifadhi, na mimi siendi popote. Yangu ni yale ambayo mtu wa darasa la sita ameyapata kwa kugongwa nayo kichwani. Darasa la sita la zamani, lakini, ambalo kwa sasa ni kama chuo kikuu.

Unanijua. Mimi ndiye Shee wa Al Ras, jina linalojulikana Dubai nzima. Nimesimama kwenye duka la viungo la tajiri wangu, arbab huyu huyu, tangu ndevu zangu zikiwa nyeusi. Zafarani ya uongo naijua nikiwa ng'ambo ya pili ya khori, upepo ukiniletea. Kuna mwaka joto lilizidi hata gunia la pilipili likaanza kupiga chafya lenyewe, wachukuzi wakasimamisha mikokoteni kuliombea afya. Lilitokea hilo. Arbab akikataa ni kwa sababu siku ile alikuwa Sharjah.

Sasa mtu kama mimi, maisha yangu yote, nilidhani mwenye kusema ndiye mwenye kitu. Nyumba yangu nikaijaza maneno. Wewe ulikuwa umekaa pembeni umeinamisha kichwa, nami nikifikiri mtoto huyu ni mpole, labda hana la kusema. Kumbe unasikiliza. Tena si mimi uliyekuwa ukinisikiliza. Ulikuwa ukilisikiliza friji.

Ulipokuja kwetu kutoka Mombasa, baada ya dada yangu Rehema, mama yako, kutangulia mbele ya haki, ulikuwa na begi moja la nguo na kanda moja. Kanda hiyo Nyanya yako alikutia mkononi mwenyewe. Ilikuwa ya harusi ya mama yako, vugo, ngoma ya wanawake peke yao: pembe zinagongwa kwa vijiti, mama yangu anaongoza, wenziwe wanamwitikia. Mwanamume akichungulia vugo humwagiwa maji, na mimi nilimwagiwa nikiwa mdogo, kabla wimbo haujaanza, tena ya kuoshea samaki. Kwa hiyo kanda yako sikuigusa. Uliisikiliza kwa waya masikioni, na mimi nikipita nasikia mkwaruzo tu, kama panya kwenye gunia la mchele.

Ukakua, ukapata kazi ya mapokezi kwenye hoteli kule Garhoud. Mshahara wa kwanza wasichana hununua bangili. Wewe ukanunua kipaza sauti cha kurekodia. Ukaingia nacho ndani ya kabati la Salma, katikati ya mabuibui, ukatwambia mabuibui yanakunywa mwangwi. Salma akaniangalia. Nikamwambia mwache, mimi nilipokuwa na umri wake nilikuwa nimeshafanya makubwa kuliko hayo. Akaniuliza makubwa gani. Nikatoka kwenda msikitini.

Halafu zikaja siku za mateso. Mwezi wa nane, Dubai, ukuta wenyewe unatoka jasho, na mtoto anatoa kichwa kabatini anasema kwa upole, "Zima AC, tafadhali. Na friji." Tukazima. Tulikaa sebuleni kama maandazi kwenye mafuta, hatusemi, hatukohoi, kwa sababu wewe unarekodi kinu cha Salma kikitwanga iliki. Siku uliposahau kuliwasha tena friji, samaki wawili wa Salma waliharibika, na akawalilia kama jamaa. Ulirekodi mkokoteni wa mchukuzi wenye gurudumu kavu, mlango wa lifti yetu unaokoroma, basi la kampuni likirudi nyuma chini ya dirisha, mashine hii ikikamua nguo. Ukavikata vipande, ukavipanga, ukavirudiarudia, na juu yake ukaimba kwa ile sauti ambayo sikujua unayo. Albamu nzima imetoka kwenye nyumba ya vyumba viwili, nayo ukaiita Zima AC. Ni haki yake.

Ulipoiweka kwenye mtandao haikumgusa mtu. Ulijifanya hujali, lakini niliona unavyoiangalia simu. Hapo ndipo mimi, kwa kifua changu, nikaingia kazini. Nikaweka spika mlangoni mwa duka na kuipiga toka tunafungua mpaka tunafunga. Wachukuzi wa Kipathani wakaanza kuvuta mikokoteni kwa mdundo wako. Mtalii mmoja akacheza mbele ya magunia ya ndimu kavu, mwenzake akampiga picha ya video, na video hiyo ikaenda huko zinakokwenda. Kwa hiyo watu wakisema ulijitengeneza mwenyewe, ni kweli, lakini spika ilikuwa yangu.

Baada ya hapo mambo yakapishana mlangoni. Redio zikaipiga. Wasichana wa hoteli yenu wakawa wanaimba wakikunja mashuka. Mwandishi mmoja wa ng'ambo akaisifu albamu ukurasa mzima, na Nduku, alipokuja na sare yake ya ulinzi, akatusomea kwa Kiswahili hapa hapa jikoni. Alipofika wimbo wa pili akasema, "Anko, huyu anasema kuna ngoma ya kale ya pwani, inadunda kama msafara wa ngamia." Tukageuka sote kuitazama mashine ya kufulia, tuliyoinunua kwa Mfilipino aliyekuwa akihama, yenye mguu mmoja mfupi. Tulicheka mpaka Nduku akakaa sakafuni. Toka siku ile nimekataza mtu asiutengeneze ule mguu.

Wapo waliosema vingine. Mmoja aliandika kwamba wewe huna chako, unaokota sauti za watu na kuzigandisha. Uliingia kabatini ukafunga mlango, na safari hiyo hukuwa ukirekodi. Nilikwambia kitu kupitia mlangoni, na nataka nikiandike kwa sababu ni katika maneno machache niliyosema bila kuongeza. Mimi naitwa bingwa wa bizari. Iliki sikuipanda, karafuu sikuichuma, mdalasini sikuubandua mtini. Lakini mteja anapita maduka yote ya Al Ras anakuja kwa mchanganyiko wangu. Hilo ndilo langu. Sharti lake ni moja tu: kila gunia ujue limetoka kwa nani.

Na mimi niliyekwambia hivyo ndiye niliyekwenda kulivunja sharti. Sikwambii ili unihurumie, ulishanisamehe. Nakwambia kwa sababu utakutana na watu wa aina yangu, wenye kukupenda kwa sauti kubwa, na uwajue wanavyoweza kukuponza.

Wimbo wa mwisho ndio ulionitoa akili. Nilikuwa sijapata kuisikia sauti ya mama yangu ikiimba. Mtu mzima nina mvi, na ile ndiyo mara ya kwanza, ikitoka kwenye spika dukani, kati ya pilipili na manjano: "Rehema, waitwa, mamayo aita." Kisha kimya. Kisha tena, "Rehema, waitwa, mamayo aita." Kimya. Ulikuwa umeuchukua mwito wa Nyanya kwenye kanda, na pale wanawake wanapoitikia umekata pote, ukaacha nafasi tupu. Wewe ulikuwa hujamwambia Nyanya. Ulisema unangoja uende mwenyewe, ukae miguuni pake, umwombe radhi, ndipo umsikilizishe. Ulinieleza wazi. Mimi nikasema inshallah, na kabla chai haijapoa nikautuma wimbo Mombasa kwenye simu ya mama, na kwa jamaa wote wa mtaa wetu wa Kuze, na maneno yangu chini yake: sikilizeni damu yetu. Nilipeleka sifa mahali ambapo salamu zilikuwa hazijafika.

Mombasa ikanyamaza. Sisi tukadhani tunajua kosa ni nini: vugo la wanawake limesikiwa na wanaume dunia nzima. Salma hakunisemesha siku mbili. Kisha sauti ya mama iliyorekodiwa ikaja kwenye simu, na tukaisikiliza sote watatu tumesimama.

"Shee, wimbo nimeusikiza. Wanaume wasikie, mimi mzee, watanifanyani? Lakini namwita mwanangu, namwita tena, na hakuna hata mtu mmoja wa kuniitikia. Mumeniweka nyumba gani hiyo isiyo na watu?"

Basi.

Wakati huo huo ndipo walipokualika uimbe Mombasa, onyesho lako la kwanza mbele ya watu. Ukasema bila radhi ya Nyanya hupandi jukwaa pale, na kama ni hivyo albamu nzima utaiondoa. Nikakwambia basi waitikie, warudishe wale wanawake wa kwenye kanda. Ukanijibu polepole, na jibu hilo silisahau. "Mjomba, pale pakimya ni pa mama. Nikiweka mtu mwingine, nimemfuta."

Nilikwenda dukani nikapima iliki vibaya. Jioni nikarudi nikakaa chini, mgongo kwenye mlango wa kabati, na nikakutolea kisa ambacho sikuwa nimewahi kukitoa, kwa sababu hakina simba wala gunia, ni kidogo mno kwa mtu kama mimi.

Nilikwambia: mama yako alikuwa mtoto wa kununa. Akinuna hupanda darini kwa jirani na kujificha nyuma ya kamba za nguo. Mama yangu husimama chini ya ngazi na kuita, "Rehema!" Rehema kimya. Lakini Kuze nyumba zimeegemeana, na mtoto akiitwa haachwi bila kuitikiwa, maana mwito ukiachwa hewani ni nuksi kwa mtaa mzima. Basi yeyote aliyesikia mwanzo huitikia kwa niaba yake. Mke wa jirani yuko na unga mikononi, anapaza, "Labeka! Yuko kwangu, salama!" Ng'ambo ya kichochoro mwingine naye, "Labeka!" Na mama huridhika, hurudi ndani. Rehema mwenyewe huteremka akishaona njaa. Hakuna aliyemfuta. Walikuwa wakimshikia nafasi yake mpaka ateremke.

Nyuma ya mlango nikasikia mabuibui yakisogezwa. Kisha ukauliza, "Hiki ni cha kweli?"

Nikasema, "Hiki sikukitia chumvi."

Ukafungua mlango.

Siku ya ile rekodi naikumbuka kama harusi. Nduku alikuja na wenzake kutoka Muhaisnah, walinzi na wasafishaji, wengine hawajalala toka zamu. Wakaja wasichana wa hoteli, na yule dada wa Kampala wa saluni, na Bi Fatma wa Unguja aliyekuja na kanga zake mbili na amri zake. Pembe hatuna, kwa hiyo zikatolewa sinia na miko, na Nduku akachomoa tochi yake ya kazini. Kisha AC ikazimwa, na wanaume sote tukatolewa nje. Nilijaribu kusema kwamba nyumba ni yangu. Nduku akanishika bega kama anamtoa mlevi hotelini: "Anko, yalla, ngazi ni yako pia."

Nikakaa ngazini na majirani, Mhindi wa ghorofa ya juu na Mmisri wa mlango wa karibu na lifti, nikawaeleza kwamba kazi hii yote naisimamia mimi. Ndani nasikia Bi Fatma anawafundisha kuitikia. Waliitikia mwanzo kama wanaojibu dereva wa teksi. Akawaambia labeka inatoka kifuani, mama ndiye anayeita. Nduku akasema kwao mtu akiitwa husema nakuja, halafu hukaa. Wakacheka. Hata wewe ulicheka, nilikusikia, na kucheka kwako ndani ya nyumba hii kulikuwa kumeadimika.

Halafu ukaiachia sauti ya Nyanya. "Rehema, waitwa, mamayo aita." Na nyumba nzima, bara na pwani, Waislamu kwa Wakristo, ikaitikia mara moja, sinia zikalia: labeka, mama, naja. Mwangwi ukashuka ngazini ukanipita. Mmisri akaacha kutafuna. Ukairudisha tena, akaita tena, nao wakaitikia tena, na mimi mdomo wangu ukafunguka wenyewe pale ngazini: "Naam!" Mwanamume akiitwa na mama yake husema naam. Hakuna aliyeniita mimi, lakini ilinitoka.

Nilikungoja utoke unikaripie. Baadaye, kazi ilipokwisha, ukanivisha waya masikioni. Kulikuwa na wanawake, na sinia, na nyuma kabisa, mbali, sauti ya mtu mnene wa ngazini. Umeiacha. Ukasema, "Khalas, Mjomba, umo."

Nuru, mimi kitu kikinitokea cha ukubwa wa punje hukiuza kama nazi. Soko zima linajua kwamba mimi ndiye fundi mkuu wa Zima AC na kwamba mashine ya kufulia naipiga kwa mkono. Lakini hiyo naam sijamwambia mtu. Hata arbab. Nimegundua kuna kitu ukikisema kinapungua, na nimekigundua nikiwa na umri huu, kwa hiyo wewe uko mbele yangu sana.

Wimbo ule mpya, wenye watu, ulimpelekea Nyanya wewe mwenyewe, baada ya salamu, baada ya kuomba radhi kama inavyoombwa. Na toka hapo hajasema kitu. Onyesho liko karibu, baada yake unahamia Nairobi kwenye ile nyumba ya kupanga, na hatujui kama jukwaa la Mombasa utalipanda au la. Umesema unakwenda hivyo hivyo, utakaa miguuni pake mpaka aseme. Mimi nikakwambia safi. Lakini kimya cha mama yangu nakijua. Kimewahi kumpeleka baba kulala barazani na mto wake.

Ngoja. Simu yangu inalia.

Nimerudi. Nimeosha uso kwanza, usicheke. Salma ameacha mabegi, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anafuta macho kwa sweta lako la ndege. Ni sauti ya mama, imerekodiwa; nilitaka nikungoje uje uisikie mwenyewe, na utaisikia, simu nitaiacha juu ya mashine. Lakini nakuandikia vilevile alivyosema, ili uwe nayo na kwenye karatasi.

"Shee! Wimbo nimeusikiza, na wenzangu wamekuja tumeusikiza tena. Sasa nyumba ina watu. Hao wa bara wanaitikia kama wanauza mkaa, lakini wanaitikia kwa moyo. Na kuna mwanamume nyuma amesema naam. Nimekujua, wewe. Maji ya samaki hayakukutosha? Mwambie Nuru pembe nimezitoa uvunguni, nimezipangusa. Radhi yangu anayo. Siku hiyo tutapanda naye, mimi na wenzangu, na wanaume watakaa nje."

Alipoanza kwa kuniita, kabla sijajua anataka nini, nilikuwa nimeshasema "Naam, mama," kwa simu, peke yangu jikoni, nimesimama wima. Salma ni shahidi. Hiki nacho hakina chumvi.

Kwa hiyo nenda mwanangu, nenda na vicheko vyako. Uimbe unavyotaka, ukate unavyotaka. Siku ya onyesho nitakuwa dukani na spika mlangoni, na nitawaambia watalii kwamba pembe wanazosikia nilimwinda nyati wake mwenyewe.

Ila kesho ukifika Kuze, ukiwa bado kichochoroni na begi, utamsikia Nyanya amesimama chini ya ngazi anaita. Safari hii anaita jina lako. Usingoje jirani akuitikie.

Mjomba wako,
Shee wa Al Ras